Walisema Nimetia Sumu Kisimani

Wapo walionipigia simu baada ya kusoma niliyoandika wiki iliyopita. Wengi wanasema, "Mama Emilia, omba tu msamaha yaishe." Nimuombe nani? Kwa lipi? Wanaotaka niombe msamaha wakae kimya wasome, maana leo nawaeleza siku niliyomjua adui yangu. Hakuwa yule niliyekuwa namtukana.

Kwa aliyechelewa, mambo yako hivi. Mimi ni Evarista, mke wa Thobias. Tunakaa kitongoji kilicho chini ya shamba kubwa la zabibu, upande wa Hombolo. Kiangazi kikishika, bomba la serikali halina habari na sisi. Tunafukua mchanga korongoni, kila nyumba na kisima chake, na tunakizungushia miiba. Ukitaka kuchota kwa mwenzako unamuomba.

Wifi yangu Penina, dada yake Thobias, hakuomba. Nilimkuta kwenye kisima changu anajaza ndoo kana kwamba ni cha baba yake. Nikamwambia mbele ya watu: "Ukirudia tena kuchota hapa utajua hujui."

Ndiyo, nilisema. Siyakani maneno yangu.

Basi mbuzi wa Penina wakafa. Halafu mwanawe Elisha akaanza kutapika, mate yanamtoka, mwili unamtetemeka, akakimbizwa hospitali mjini. Kitongoji kizima kikasema Evarista katia sumu kwenye kisima chake mwenyewe kumkomoa wifi yake.

Thobias akahamia kwa mama yake, akamchukua na binti yetu Emilia, yuko darasa la pili. Ukoo ukaitisha kikao. Nikionekana nina hatia, naondoka na nguo zangu, mtoto anabaki. Ng'ombe wa mahari walitolewa, kwa hiyo mtoto ni wao. Nyumba wachukue. Masufuria wachukue. Emilia wangu? Thubutu!

Asubuhi ya siku ya kikao nilikwenda korongoni na ndoo yangu kama kawaida. Wanawake waliponiona walisogea pembeni.

"Huyo anakuja."

"Choteni maji yenu twende."

Nikachota kata nzima kwenye kisima changu, nikanywa wakiniangalia, nikajifuta mdomo. "Mmeona? Haya, kaeni hapo msubiri nife."

Mama mmoja, jirani yangu kabisa, niliyemsaidia kupalilia uwele wake msimu uliopita, akanijibu bila haya: "Wewe utakufaje? Dawa yake unayo."

Sasa mtu kama huyo unamjibu nini? Ninywe nisife, ni mchawi. Ninywe nife, nimejiua kwa aibu. Nikawaambia wakakoge, nikabeba ndoo yangu.

Njia ya kurudi inapita kwenye kisima cha Penina. Miiba ilikuwa imesukumwa na mbuzi, na tangu mtoto alazwe hakuna aliyekuwa anachota pale. Niliona njiwa wawili wamekufa kando ya shimo. Nikatua ndoo nikachungulia.

Ndani mlikuwa na pipa la bluu.

Niwaeleze msiojua. Mchanga wa korongo unabomoka. Unachimba asubuhi, jioni shimo limejaa tena. Mwenye bahati anapata pipa la plastiki, analikata juu na chini, analizamisha shimoni likazuia mchanga. Mimi nilikuwa nimemlilia Thobias aniletee pipa hadi nikachoka. Anafanya kazi ya kupulizia dawa kule kwenye zabibu, na mapipa ya kuchanganyia dawa yakipasuka chini wanayatupa. Kila nikimuomba ananijibu, "Msimamizi hatoi."

Nikapiga magoti nikaingiza kichwa. Harufu ikanipanda puani hadi machozi yakanitoka. Sikuhitaji kuambiwa ni nini. Ndiyo harufu ya ovaroli ya mume wangu, na mimi ndiye ninayeifua.

Nilikaa chini kwenye mchanga nikacheka. Msinihukumu, nawaambia ukweli wangu. Nilicheka kwa sababu Penina amenitukana kila mlango wa kitongoji, kumbe sumu kaizika mwenyewe. Kisha nikamkumbuka Elisha, anavyopenda kunisalimia kwa kupiga kelele toka mbali, "Shikamoo Mama Emilia!" Kicheko kikaniisha.

"Njooni mnuse hapa!" nikawaita wale wanawake.

"Penina alilisugua kwa majivu na sabuni," yule jirani akajibu toka alipokuwa. "Tulimwona. Tafuta uongo mwingine."

Hawakuja hata mmoja. Unajua kwa nini? Waume zao, kaka zao, wao wenyewe msimu wa kukata zabibu, wote wanakula pale shambani. Mabomba ya kupulizia yanaoshewa pale kivukoni, juu ya visima vyetu, povu linashuka na korongo, kila mtu analiona na kila mtu amekaa kimya. Kumsema Evarista hakumpotezei mtu kibarua.

Nikaiacha ndoo hapo hapo nikapanda kwenda shambani.

Getini nilimkuta Lameck, ndiye msimamizi, amekaa juu ya pikipiki yake anachokonoa meno.

"Habari za kazi, msimamizi."

"Nzuri. Kama ni kibarua, nafasi zimejaa."

"Sikuja kutafuta kibarua. Mapipa ya kuchanganyia dawa yakiharibika mnayapeleka wapi?"

"Tunayatoboa, tunayafukia. Ndiyo sheria."

"Basi lile lililoko kwenye kisima cha Penina limejifukua lenyewe likatembea mpaka korongoni?"

Akaacha kuchokonoa meno. "Mama, chunga mdomo. Hili shamba linalisha watu."

"Linawanywesha pia. Mabomba mnaoshea wapi? Si kivukoni?"

"Una ushahidi?"

"Nina pua."

"Ipeleke hiyo pua mahakamani." Akashuka kwenye pikipiki, akanisogelea, akapunguza sauti. "Sikiliza. Kama kuna pipa limetoka hapa, limeibwa. Na mwizi akijulikana namkabidhi polisi leo hii. Sasa kabla hujaendelea kupiga kelele, kamuulize mumeo kama anataka mwizi atafutwe."

Alisema akitabasamu. Nilitamani nimtemee mate. Nikaona nitachelewa.

Thobias nilimkuta kati ya mistari ya zabibu, bomba mgongoni, kitambaa usoni. Aliponiona akaacha kupiga pampu.

"Umefuata nini huku? Ukoo umesema usinisogelee."

"Pipa la kwenye kisima cha Penina ulilipeleka wewe."

"Nani kakwambia?"

"Ala! Hata kukataa hukatai."

Akashusha kitambaa. Uso ulikuwa umemshuka. "Kisima chake kilikuwa kinabomoka. Mumewe mlevi, hana wa kumsaidia. Ni dada yangu, Evarista."

"Na mimi ni nani? Pipa nimelililia mimi! Haya, hilo tuliache. Mtoto alipoanza kutapika, ulijua?"

Akaanza kurekebisha mkanda wa bomba begani.

"Thobias, ulijua?"

"Nilihisi."

"Umehisi! Madaktari wanauliza mtoto kala nini, kanywa nini, wewe jina la dawa unalo mdomoni unahisi! Watu wananiita muuaji, unahisi!"

"Nikisema nafukuzwa kazi na kufungwa juu yake. Fikiria na wewe."

"Na mimi nikifukuzwa kwangu?"

Hapa sikilizeni vizuri, hasa nyie mnaoniambia nimheshimu mume wangu. Alinijibu hivi: "Ungerudi kwenu Mlali kwa muda. Mambo yakipoa ningekufuata."

Kwa muda! Kama vile mimi ni kitanda, ninahamishwa chumba kipakwe rangi.

Nilimrushia udongo. Nikaokota mwingine nikamrushia. Alinyoosha mikono kujikinga, bomba linamyumbisha. Nilipochoka nikamwambia atoe simu ampigie shemeji yake, mume wa Penina, kule hospitali. Alijaribu kusema hana salio. Nikampa simu yangu.

"Shemeji," alisema, "mwambie daktari mtoto atakuwa amekunywa dawa ya wadudu. Ya zabibu." Akaitaja kwa jina. "Usiniulize nimejuaje. Mwambie sasa hivi."

Alipomaliza nikamwambia, "Kikaoni utasema yote. Pipa umeleta wewe, mimi sihusiki."

"Nitasema."

"Apa."

"Naapa mbele ya Mungu, Mama Emilia. Nitasema."

Nikamwamini. Ndiyo, mimi Evarista mwenye mdomo mkali na macho makali, nilimwamini. Nilishuka ule mteremko natembea kama bibi harusi, nimeshapanga nguo gani nitamvalisha mtoto wangu nikimrudisha nyumbani.

Kikao kilikuwa uani kwa mama mkwe. Wazee walikaa kwenye viti kivulini mwa nyumba, wanawake kwenye mikeka. Penina alikuwa amerudi toka mjini usiku, macho yamevimba. Hata Lameck alikuwepo, ameegemea pikipiki yake karibu na zizi. Nikajiuliza huyu kaitwa na nani kwenye mambo ya ukoo.

"Shikamoo mama," nikamwambia mama mkwe.

Hakuitikia. Aligeukia wengine akawaitikia salamu zao za Kigogo, "mbukwenyi", mimi akanipita.

"Emilia yuko wapi?"

"Amelala."

"Mchana huu?"

"Mwache mtoto apumzike. Umeshamchosha na ugomvi wako."

Nikameza. Nilijua baada ya muda mfupi nitamwamsha mwenyewe nimbebe mgongoni mbele yao wote.

Mzee Meshack, mwenyekiti wa kitongoji, akafungua kikao kwa sala. Alipomaliza akaniambia niseme la kwangu.

Sikuzunguka. Niliwaambia kisima changu nakunywa kila siku na sijaumwa hata tumbo. Niliwaambia kilichomuumiza Elisha ni pipa la dawa lililozamishwa kwenye kisima cha mama yake. Niliwaambia waende wakanuse wenyewe, na njiwa wawili wamelala pale.

Penina akasimama kama kachomwa na mwiba. "Pipa kaniletea kaka yangu! Tumbo moja! Kaka yangu aniulie mwanangu? Wewe mwanamke una roho gani?"

"Muulize mwenyewe. Huyo hapo."

Watu wote wakamgeukia Thobias. Alikuwa amekaa mwisho kabisa, ameinamisha kichwa. Akasimama taratibu. Alimtazama mama yake, akamtazama Penina. Halafu akamtazama Lameck.

"Ni kweli," akasema. "Pipa nililipeleka mimi."

Watu wakaguna. Nikashusha pumzi, nikajisikia mwepesi.

"Lakini aliyenituma ni mke wangu."

Nilidhani sikusikia.

"Alisema nimpelekee Penina pipa la dawa, ndilo linalomfaa. Mimi nikadhani ni utani wa wifi na wifi. Sikujua ana nia gani moyoni."

Yesu wangu.

Nyie mnaonijua mnajua mimi si mtu wa kukosa neno. Siku ile nilikosa. Penina alinirukia, akanishika nywele, tukaanguka wote mkekani, akinipiga na kulia jina la mwanawe. Sikurudisha hata kofi moja. Nilikuwa namwangalia Thobias kupitia mikono ya dada yake, na yeye alikuwa anaangalia viatu vyake.

Wazee wakatuachanisha. Mzee Meshack akapiga fimbo chini.

"Shauri limekwisha. Evarista, kachukue nguo zako uende kwenu. Mtoto atabaki hapa kwa bibi yake."

"Simwachi!" sauti ikanirudi. "Mniue hapa hapa, simwachi!"

"Mtoeni."

Vijana wakanisogelea. Ndipo mama mkwe, ambaye tangu kikao kianze hajasema neno, akaita.

"Thobias."

"Naam, mama."

"Na pipa langu la huko nyuma ya jiko, nalo mke wako ndiye aliyekutuma?"

Thobias akasogea hatua moja nyuma.

"La kwako ni zima, mama. Halijapasuka. La kwako nililiosha vizuri."

"Sikukuuliza kuoshwa. Nimekuuliza limetoka wapi."

Akamtazama tena Lameck. Lameck akageuza kichwa, akaanza kutafuta ufunguo mfukoni.

Mama mkwe akashika kifua. Mimi nikawa nimeshaelewa. Nilijitoa kwenye mikono ya wale vijana nikamwendea, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe pale, yule mama alinitazama machoni.

"Mama, hilo pipa mnawekea nini?"

"Maji."

"Ya kuoshea?"

"Ya kunywa. Thobias ndiye ananijazia."

"Na Emilia?"

"Anakunywa humo humo, mwanangu. Tangu alipokuja." Aligeuka kuutazama mlango wa ndani. "Asubuhi alisema kichwa kinamuuma. Akatapika kidogo. Nikamwambia alale, nikampa maji..."

Sikusubiri amalize. Niliingia ndani nikijigonga kwenye mlango. Emilia alikuwa amelala kwenye ngozi, amejikunja, shavu limelowa mate. Nilipomgusa jasho lilikuwa linamtiririka na mikono inamtetemeka.

"Emilia! Emilia mama, niangalie!"

Akafumbua macho. Hakuniona vizuri, nilijua hakuniona. "Mama," akasema, "maji."

Nikambeba nikatoka naye. Uani watu walikuwa wamesimama wote. Penina, aliyekuwa ananipiga sasa hivi, alipouona ule uso wa mtoto alipiga yowe, maana aliujua. Ndivyo Elisha wake alivyoanza.

"Pikipiki!" nikapiga kelele. "Nani ana pikipiki?"

Siku ile ilikuwa ya mnada. Pikipiki zote za kitongoji zilikuwa mnadani zinabeba watu. Ilikuwepo moja tu pale, na ilikuwa imeshawaka, inageuzwa kuelekea njiani.

Nikakimbia nikasimama mbele yake na mtoto kifuani. "Lameck! Tupeleke hospitali!"

Akasimama, mguu mmoja chini. Injini inanguruma, watu wako nyuma yangu. Akaniinamia hadi nikasikia pumzi yake sikioni.

"Nitakupeleka. Nitakimbia kuliko gari la wagonjwa. Lakini kwanza mgeukie mwenyekiti, umwambie mapipa yote mawili uliyaiba wewe shambani kwetu. Sema kwa sauti, watu wasikie. Ukishasema, panda twende."

"Lameck, mtoto anakufa!"

"Ndiyo maana nakwambia usinicheleweshe."

Nikageuka. Thobias alikuwa amesimama pale nyuma, karibu kabisa, na alikuwa amesikia. Nilimwona usoni kwamba amesikia kila neno. Nikamsubiri. Haki ya Mungu nilimsubiri, hata neno moja tu, hata jina la mtoto wake.

Akatazama chini.

Emilia akatapika begani kwangu. Nikamwinua vizuri, nikamfuta mdomo kwa khanga, nikaugeukia ule umati.

"Mwenyekiti," nikaita, "naomba unisikilize."